Rimoti ya Ridhiwani na Mkasi wa Mzee Pazi

Mzee Pazi wa Mapinga ni fundi bati, na ukitaka kumuudhi mwambie alikuwa fundi bati. Kwa miaka arobaini amekata madebe akatoa koroboi, faneli na makopo ya kumwagilia bustani. Kisha umeme ukafika, koroboi zikakosa wenyewe, na maduka yakajaa plastiki. Yeye bado kila asubuhi huketi kwenye benchi lake pembeni ya nyumba akagongagonga. Anagonga nini, mkewe Bi Habiba aliacha kuuliza zamani.

Jumamosi moja mtoto wao Ridhiwani alikuja kutoka Dar na gari lake jipya, lile la kuwasha kwa kubonyeza kitufe huku rimoti imelala mfukoni. Hakuja kusalimia tu. Alitaka benchi liondoke, pajengwe fremu ya duka, na alikwishamwita Husseni, mnunuzi wa vyuma chakavu, apitie na mkokoteni baada ya adhuhuri.

"Baba, umri umekwenda. Pumzika."

Mzee Pazi alikoroga chai ambayo ilikwishakorogwa. Ilimuuma sana. Kuliacha benchi lile ni kuambiwa kwamba mikono yake haina kazi tena duniani. Lakini mtu mzima ataanzaje kumbembeleza mwanawe?

Ridhiwani naye alipiga miayo mpaka mama yake akauliza kulikoni.

"Jirani yangu kaibiwa gari, mama. Mchana kweupe, yuko msikitini Ijumaa. Rimoti kaiacha nyumbani, imetundikwa msumarini karibu na mlango. Wezi wawili. Mmoja kasimama ukutani na kidude kinachonasa mawimbi ya rimoti, anamrushia mwenzake aliye kwenye gari. Gari likadhani mwenyewe kafika. Likafunguka, likawaka, likaenda zake."

"Bila kuvunja kitu?"

"Hata mkwaruzo! Sasa mimi silali. Wanasema rimoti ikiwekwa ndani ya bati lililofungwa barabara, mawimbi hayapenyi. Nimeizungushia karatasi ya foili, imeshachanika."

Mzee Pazi akaweka kikombe chini. "Bati, umesema?"

Hakungoja jibu. Muda si mrefu mkasi ulikuwa unalia kwenye debe la mafuta, nyundo inajibu. Akatoa kikasha kidogo chenye mfuniko, pembe zake zimenyooka. Bi Habiba akakivika kipande cha kanga ndani, akakikunja mpaka juu ya ukingo, ili kitu cha mwanawe kisikwaruzike.

Rimoti ikaingia, mfuniko ukafungwa. Mzee Pazi mwenyewe akakipeleka kikasha hadi kwenye mlango wa gari. Ridhiwani akagusa kitasa. Twii! Mlango ukafunguka, na vioo vya pembeni vikajitanua kwa furaha.

Ridhiwani alicheka, na hakucheka kwa ubaya, lakini mzee alitamani ardhi immeze pamoja na debe lake. Akarudi kwenye benchi akikigeuzageuza kikasha. Kidole kikapita kwenye ukingo, kikasimama.

"Mama Ridhiwani! Mfuniko umekalia kanga, haukukalia bati. Koroboi ya namna hii ingevuja mafuta hadi uvunguni. Mawimbi yatashindwaje?"

"Haya, nilaumu mimi," Bi Habiba alijibu, na hakuonekana kujutia chochote.

Mzee akaikata kanga ya ukingoni, akaacha ya ndani imeifunika rimoti. Bati likakutana na bati. Hapo angetosheka, lakini kicheko kilikuwa bado kinamwasha masikioni. Akapasha moto chuma cha kulehemu, akaziba mfuniko pande zote nne.

Safari hii Ridhiwani aligusa kitasa, akakivuta, akalizunguka gari, akagusa mlango wa pili. Kimya. Gari lilikuwa halimjui kabisa.

"Alhamdulillahi! Baba, umeweza!"

"Nani aliyesema siwezi?"

Walikuwa katika furaha hiyo Husseni alipofika. Kijana wa watu alisalimu, akaitikiwa, akaanza kupakia alichoitiwa: nyundo, fuawe la kugongea bati, chuma cha kulehemu, mwisho mkasi. Mzee Pazi alimtazama, kikasha kikiwa mapajani.

Ridhiwani akaangalia saa. Zamu yake kazini ilianza saa kumi, na njia ya Dar anaijua mwenyewe. "Baba, niondoke. Nipe rimoti."

Mzee akamkabidhi kikasha. Ridhiwani akavuta mfuniko, akaupinda, akatumia meno. Wapi!

"Nifungulie, baba."

"Kwa nini, mwanangu? Umri umekwenda. Napumzika."

Bi Habiba akaingia ndani haraka, upindo wa kanga mdomoni, na kicheko chake kikasikika kutoka jikoni. Ridhiwani alisimama uani, rimoti ya pili iko Dar, ya kwanza iko mkononi na haimsaidii. Kisha akaenda kwenye mkokoteni. Akashusha fuawe, akashusha nyundo na chuma cha kulehemu, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake kwenye benchi. Mkasi aliubakiza mwisho, akauleta kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Husseni, nimekusumbua bure," alisema. Kisha akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Pazi akaupokea mkasi, akaujaribu hewani mara mbili, akavuta kigoda chake karibu na benchi. "Haya, mteja. Mfuniko wako uwe wa kuchomeka au wa bawaba?"