Marehemu Stoops na Mtihani wa Mazingira

Twyla Hostetler alikuwa akiwapaka maiti poda. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo katika nyumba ya mazishi ya Ogilvie, pale Marlow Bend, kusini mwa Ohio, na wengi waliondoka mikononi mwake wakiwa wazuri kuliko walivyowahi kuwa walipokuwa wakijipamba wenyewe. Wanawake wa kanisani walikuwa wakimwambia, nusu utani nusu woga, "Twyla, siku yangu ikifika usinipake ile rangi ya waridi." Naye alikuwa akijibu, "Siku yako ikifika utanyamaza, na utapakwa ninachotaka mimi." Maiti haulizwi sanda, seuze rangi ya mdomo.

Mimi nilikuwa mpiga kinanda wao. Mpiga kinanda wa mazishi huona mengi, maana hakuna anayemtazama.

Bosi wetu, Clement Ogilvie, hakuwa na mtoto wa kumrithi. Alikuwa na mmoja, lakini huyo alikimbilia Arizona kuuza mabwawa ya kuogelea, na baba akamhesabu miongoni mwa waliotangulia. Kwa hiyo akamwambia Twyla kwamba nyumba itakuwa yake kuiendesha siku atakapopata leseni, na leseni haitoki bila cheti cha chuo. Twyla akajiandikisha katika chuo cha jamii, kile cha miaka miwili ambacho hakimfukuzi mtu. Akawa anachukua somo moja leo, jingine mwaka kesho, mpaka yote yakaisha isipokuwa sayansi.

Sayansi aliiogopa kama ukoma. Alipokuwa sekondari alifelishwa na mwalimu wa baiolojia, Bwana Virgil Stoops, mtu mrefu mwenye tai za pamba na ulimi wa wembe. Siku ya kupasua chura, Bwana Stoops alisimama nyuma ya Twyla, akatazama alichokuwa akikifanya, kisha akasema darasa zima lisikie: "Twyla, kati yenu wawili, aliyekufa ndiye anayeelewa somo." Darasa lilicheka hadi Krismasi.

Msusi wake ndiye aliyemshauri achukue Utangulizi wa Sayansi ya Mazingira, kwa mtandao. "Ni habari za miti na ndege," alimwambia. "Mbwa wangu angefaulu."

Basi muhula ukaanza. Mwalimu alikuwa Bi. Rosalind Achterberg, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona. Alikuwa jina tu na barua ndefu zilizoingia nyakati za ajabu. Kila wiki ilikuwa lazima mwanafunzi aandike maoni yake kwenye jukwaa la darasa na kuwajibu wenzake. Kulikuwa na kijana mmoja, Tanner, aliyemjibu kila mtu kwa maneno yaleyale: "Nakubaliana kabisa na hoja yako nzuri." Siku moja mama mmoja alibandika pale kwa makosa namna ya kupika makaroni na jibini. Tanner akakubaliana kabisa na hoja yake nzuri.

Wiki ya kujitambulisha, Twyla aliandika: "Nafanya kazi na watu walioacha kuchafua mazingira." Mwalimu akajibu kwa alama ya kuuliza, peke yake.

Wiki nyingine waliambiwa wajibu maswali kuhusu gari, nyama, na joto la nyumba zao, ili kompyuta iwaambie zingehitajika dunia ngapi kama kila binadamu angeishi kama wao. Twyla akaambiwa tano. Alimweleza mumewe, Lyle, wakati wa chakula.

"Mwambie huyo mwalimu tunayo moja," Lyle alisema, "na barabara zake zina mashimo. Nipe viazi."

Lakini kitu kilimpata Twyla ambacho hakukitarajia: alianza kulipenda somo. Hasa sura ya udongo. Alikuwa akija kazini na kunieleza habari za minyoo huku akimnyoa ndevu mzee wa watu. "Ulijua," aliniuliza, "kwamba kiganja kimoja cha udongo kina vijidudu vingi kuliko watu wote duniani?" Nikamwambia sikujua, na kwamba nilikuwa nakula.

Ukafika mtihani wa katikati ya muhula. Nyumbani kwake ni bondeni, intaneti inakuja na kwenda kama paka. Pale kazini ilikuwa na nguvu, kwa sababu Clement alikuwa akirusha mazishi kwenye mtandao kwa ajili ya ndugu wa Florida ambao hawakutaka kuja. Twyla akaomba afanyie mtihani pale. Ofisi ilikuwa na familia iliyokuwa ikichagua jeneza, chumba cha kuandalia maiti kilikuwa kinanuka dawa, kwa hiyo Clement akamwambia, "Kaa ukumbi mdogo. Kuna Stoops tu."

Ndiyo, Stoops huyohuyo. Alikuwa amefariki Jumapili, akiwa amelala mbele ya televisheni, na Twyla alikuwa ndiye aliyemwosha, kumvisha na kumpaka, kwa uangalifu ambao marehemu hakuwa ameustahili. Jeneza lilikuwa wazi ili poda ikauke. Twyla akaweka kompyuta yake juu ya meza ya maua na kumpa mwalimu wake wa zamani mgongo.

Mtihani ulisimamiwa na programu ya kompyuta inayomchungulia mtahiniwa kwa kamera. Kabla ya kuanza ilimwuliza kama kuna mtu mwingine chumbani. Twyla aliniambia baadaye kwamba alilifikiria swali lile kwa dhati, kwa upande wa sheria na kwa upande wa dini, kisha akajibu hakuna.

Alikwenda vizuri mpaka kwenye swali la mvua ya asidi. Hapo alikwama, akageuza kichwa nyuma kama mtu anayetafuta jibu hewani, akaona tai ya Bwana Stoops imepinda upande. Mtu wa kazi yake hawezi kukaa na kitu kama hicho. Akainuka, akamwinamia marehemu, akainyoosha tai, na kwa sababu ya mazoea ya kuongea nao akamnong'oneza, "Samahani, mwalimu." Akarudi kwenye kiti na kulijibu swali la mvua ya asidi.

Kesho yake akapata barua kutoka kwa Bi. Achterberg. Programu imeripoti mtu wa pili chumbani. Tena mtahiniwa ameonekana akitoka kwenye kiti, akamwendea mtu huyo, akamnong'oneza sikioni, kisha akajibu swali kwa usahihi. Mwanafunzi anatakiwa kujieleza, la sivyo shauri litapelekwa kwenye kamati ya nidhamu ya chuo.

Twyla alimpigia simu palepale, spika ikiwa wazi, mimi na Clement tukiwa tumesimama kando kama watu waliokuja kusikiliza matokeo ya mpira.

"Huyo bwana aliyekuwa nyuma yako ni nani?" mwalimu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, na kulikuwa na honi za magari.

"Ni Bwana Virgil Stoops."

"Anafanya kazi gani?"

Twyla alifumba macho. "Alikuwa mwalimu wa sayansi."

Tulisikia kalamu ikiandika.

"Kwa hiyo ulifanya mtihani wa sayansi ukiwa na mwalimu wa sayansi."

"Nilikuwa naye, sikatai. Ila amefariki."

"Pole sana. Lini?"

"Jumapili."

"Mtihani ulikuwa Jumatano."

"Ndiyo, mwalimu."

Clement alikuwa ameuma kitambaa chake cha mkononi, mabega yakimtikisika.

"Bi. Hostetler," Bi. Achterberg alisema hatimaye, "nimefundisha muda mrefu. Kila muhula wanafunzi wangu wanawaua bibi zao ili wakwepe mtihani. Kuna kijana bibi yake amenifia mara tatu, na mara ya mwisho alikuwa kwenye meli ya starehe. Nimezoea. Lakini maiti aliyemsaidia mtu kwenye mtihani ndiyo kwanza namsikia."

"Hakunisaidia. Nilikuwa namnyoosha tai."

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimwomba samahani."

"Ya nini?"

"Ya kumshika shingo."

Sikio la kufa halisikii dawa, wala halitoi majibu ya mtihani, lakini nenda kamweleze hivyo mtu mwenye picha. Mwalimu akataka ushahidi. Clement akakataa kutoa karatasi yoyote ya marehemu, maana siri za wafu ndizo zinazomweka mjini. Alichokubali ni hiki: "Kesho jioni watu wanakuja kuaga mwili. Ukumbi uko wazi kwa kila mtu. Mwambie aje amwulize mwenyewe."

Naye akaja. Nilikuwa kwenye kinanda nilipoona gari dogo likiingia uwanjani, limejaa makaratasi, blanketi na vikombe vitupu vya kahawa mpaka vioo vya nyuma. Baadaye tulijua kwamba Bi. Achterberg alikuwa akifundisha vyuo kadhaa vya wilaya za jirani, na ofisi yake ilikuwa ndilo gari lile, likiegeshwa popote penye intaneti ya bure. Alikuwa mwanamke mfupi, koti limepauka viwiko. Akaingia kwenye foleni pamoja na wanafunzi wa zamani wa Stoops, mkononi simu yenye picha ya mtihani.

Alipofika kwenye jeneza alitazama simu, akatazama marehemu, akatazama simu. Akainama. Niliogopa atamgusa pua. Kisha mabega yake yakashuka, akafunika uso kwa kiganja, akaanza kutetemeka. Mimi niliyekuwa upande wa kinanda nilimwona vizuri: alikuwa anacheka. Lakini mjane, Bi. Eunice Stoops, alikuwa upande wa pili, na yeye aliona mtu anayelia.

Eunice akamshika mkono. "Alikugusa moyo, eh mwanangu? Ulikutana naye wapi?"

Mwalimu wa watu alikosa pa kutokea. "Kwenye... mtihani," alisema.

"Nyote mnasema hivyo," Eunice alisema, akamkumbatia. "Alikuwa mkali, Virgil. Hata mimi alinisahihisha harusini. Njoo ule."

Huwezi kumkatalia mjane. Bi. Achterberg akashushwa chumba cha chini, akawekewa nyama ya nguruwe ya kuoka, viazi vya jibini, na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani ambayo hakuna aliyewahi kukiri kuitengeneza. Alikula kama mtu ambaye chakula chake cha kawaida hupokelewa kupitia dirisha la gari. Alirudia sahani. Twyla akamkuta kwenye birika la kahawa.

"Mimi ndiye Twyla."

"Nakujua. Nimekuona ukinong'ona." Bi. Achterberg alifuta mdomo. "Shauri limefutwa. Nitawaandikia kwamba mtu wa pili hakuwa na uwezo wa kusaidia."

"Asante, mwalimu."

"Usishukuru sana. Umepata C. Kama kweli ungekuwa na msaidizi, ningekushauri umbadilishe."

Twyla alicheka mpaka ikabidi akimbilie jikoni, kwa sababu si vizuri mfanyakazi wa nyumba ya mazishi kuonekana hivyo na mwenye msiba yuko palepale.

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa kuchunguza mahali unapofanya kazi, na athari zake kwa mazingira. Tanner aliandika juu ya duka la simu. Twyla aliandika juu yetu. Aliandika dawa tunazowatia wafu wasioze na ziendako, mbao zilizong'arishwa, shaba, na lile sanduku la zege tunaloliweka kaburini ili jeneza lisiguse udongo, kana kwamba udongo ndio wenye ugonjwa. Akasahau nakala kwenye mashine ya kuchapia, Clement akaisoma.

"Hapa imeandikwa nachafua dunia," alisema.

"Imeandikwa sisi."

"Mwenye jina kwenye kibao cha nje ni nani?"

"Clement, tunamfukia bibi wa watu kwenye zege kama nguzo ya daraja."

"Familia ndizo zinazotaka."

"Lini tumeziuliza?"

Hawakusemeshana mpaka siku ya mazishi yaliyofuata, na hata hapo walikuwa wakipitisha maneno kupitia kwangu. "Mwambie ashike upande wa miguu." "Mwambie nimeshika."

Twyla alipata B kwa kazi ile, akafaulu somo, cheti kikaja kwa posta kimekunjwa pembe. Nadhani Clement angeendelea kununa kama si Bi. Thelma Garrabrant, mkulima wa mahindi matamu na maboga, aliyeingia ofisini na buti za matope kupanga mazishi yake mapema.

"Sitaki hilo sanduku lenu la zege," alisema kabla hajaketi. "Maisha yangu yote nimekula kutoka kwenye udongo. Nifungeni shuka, mnitie kwenye mbao za kawaida, nikawe mboji."

Clement alimtazama Twyla kwa macho ya mtu aliyehujumiwa. Twyla aliapa kwamba hajasema na mtu. Ukweli ni kwamba msusi wake alikuwa ameisoma kazi ile yote siku Twyla alipokwenda nayo kusukwa, na akishajua msusi hakuna haja ya gazeti. Clement akapiga simu kwa wasimamizi wa makaburi, akitumaini watakataa. Wakasema hakuna sheria inayokataza.

Bi. Garrabrant alifariki wakati wa masika, na akazikwa alivyotaka. Ilikuwa siku nzuri, wajukuu wakatupa mbegu kaburini, hata Clement akavua kofia muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha ikanyesha wiki nzima. Kaburi lisilo na zege likatitia, kama inavyotakiwa, na nyasi zikaota juu zikaficha shimo. Clement, ambaye hukata nyasi za makaburini mwenyewe kwa ile mashine ya kukalia kwa sababu hamwamini mtu, alipita pale bila kutazama. Gurudumu la mbele likazama.

Tulimkuta amekaa juu ya mashine iliyoinama, mikono kifuani, hashuki.

"Twyla," aliita, "njoo uione sayansi yako."

Twyla alikuja na toroli la udongo na koleo. Alitazama gurudumu, akatazama shimo, akaanza kujaza.

"Kuna wengine watatu wamepiga simu wiki hii," alisema. "Wanataka kama huyu."

Clement alifikiri, bado kalalia upande. "Basi agiza udongo," alisema. "Lori zima. Na mtu anishike mkono nishuke."