Taa ya Waridi ya Bwana Haswell

Kila asubuhi, hata kabla ya kuonja chai, Honora Tuohy, mtumishi wa ndani, alikuwa keshazikusanya taa zote za jumba la Bwana Haswell kwenye chumba cha nyuma ya jiko: za ngazini, za maktaba, na ile kubwa ya sebuleni iliyochorwa maua ya waridi mpaka tumboni. Alisugua masizi ya vioo vya chemni kwa gazeti kuukuu, akasawazisha tambi, akajaza mafuta, huku akiimba nyimbo za kwao Ireland kwa sauti ya kumkimbiza paka. Wenzake waliichukia kazi hiyo kwa harufu yake. Yeye alisema heri kunuka mafuta ya taa kuliko vitunguu vya mpishi.

Jumba lile lilikuwa na sheria. Mwanamume akija kumtembelea binti, baba ndiye anayepima mafuta ya taa ya sebuleni. Taa ikizimika, mgeni achukue kofia yake. Na Bwana Haswell, mgane aliyeogopa kula peke yake uzeeni, alipima kwa ubahili wa ajabu.

"Kidole kimoja tu, Honora."

"Kidole cha nani, Bwana? Changu au chako?"

"Cha mtoto mchanga!"

Mgeni mwenyewe alikuwa Enos Pell, mkulima wa matufaha, mtu mwema lakini ulimi mzito, masikini! Jumapili nenda Jumapili rudi, anamsimulia Bi Philena, binti pekee wa jumba lile, habari za matufaha. Bi Philena alishavuka thelathini, na alimpenda Enos na matufaha yake yote. Lakini Enos akifika kwenye "Bi Philena, nilikuwa nataka...", anainua macho, anakuta anatazamwa, anayameza maneno. Taa nayo, pu! Kofia.

Kisha zikaja habari kwamba Enos anahamia Iowa, na safari ni Jumanne.

"Asiposema Jumapili hii, ndiyo basi tena, Honora," Bi Philena alisema, akaushika mkono wake wenye mafuta.

Honora akakumbuka ya kwake. Hata yeye alikuwa na kijana wake kule kwao Clare, aliyemsindikiza mpaka bandarini akimzungumzia ng'ombe. Ng'ombe! Meli ikang'oa nanga na neno lenyewe halijasemwa.

Jumapili akaijaza taa mpaka shingoni. Tumbo la taa lilikuwa la kauri, nani angeona ndani? Akajibanza nyuma ya mlango akachungulia. Taa iliwaka vizuri mno, na Enos akasimulia funza wa matufaha. Wakaisha funza, wakaja ndege. Honora alitamani akamzabe kofi.

Halafu akamwona tena akiinua macho, akiuona uso wa Bi Philena, akimeza. Lo! Kumbe mwanga ndio unaomziba mdomo huyu zuzu!

Akaingia. "Samahanini, utambi unatoa moshi." Akaibeba taa ikiwaka, akatoka nayo, akafunga mlango.

Gizani, Enos alikwama. Taa haikuzimika, imebebwa tu, kwa hiyo hakuwa na haki ya kuchukua kofia. Akakohoa.

"Bi Philena... kubali nikuoe. Twende wote."

"Jamani Enos, mbona umeningojesha hivyo!" Akacheka, akalia, akacheka tena.

Honora kugeuka, uso kwa uso na Bwana Haswell ngazini. Mzee akaitikisa taa, akasikia mafuta yanavyocheza.

"Honora! Sikusema taa ikizimika aondoke? Nakufukuza leo hii!"

"Haijazimika, Bwana. Si hii hapa?"

Mzee alifungua kinywa kufoka, lakini kicheko cha bintiye kikamfikia. Hakuwa amekisikia tangu mke wake afariki. Akaketi kwenye ngazi taratibu, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Warudishie taa yao," akasema.

"Tuwaache kidogo, Bwana. Bado hawaihitaji."

Honora akaketi ngazi ya chini yake, taa mapajani. Yeye na yule kijana wa Clare waliagana mchana kweupe, jua likiwawakia usoni, na hapakuwa na mtu wa kuliondoa.