Kiputo cha Tai wa Bati

Kazi yake ilikuwa kuwapa watu wa karatasi midomo. Ofisini walimwita Dada Viputo, kwa sababu kila neno lililosemwa katika katuni za Tai wa Bati lilipita mikononi mwake. Mtunzi alitunga, mchoraji alichora, na yeye akayapanga maneno ndani ya viputo vyeupe, kisha akakichorea kila kiputo mkia wa kuelekea kwenye mdomo wa msemaji. Mikia huwekwa mwisho. Hakuna msomaji aliyewahi kumsifu mtu kwa mkia, naye hakulalamika.

Tai wa Bati, kwa asiyemjua, ni shujaa anayeruka kwa mabawa ya mabati ya paa, na watu wazima wenye ndevu zao wanagombana juu yake mpaka povu linawatoka. Zamani alikuwa anapiga majambazi na kwenda zake. Akaletwa mtunzi mpya, akamvua kinyago, akampeleka kwenye maandamano, akampa na maoni. Mauzo yakashuka. Hapo ndipo mashabiki walipogawana mbao. Bati Kongwe wakasema siasa imemuua Tai. Bati Jipya wakasema Tai alishakufa kwa uzee, siasa ndiyo inayompa pumzi, na kama mauzo yameshuka basi walaumiwe wabahili wanaosomea begani kwa wenzao. Kila upande ulikuwa na kundi lake kwenye simu, na kila upande ulijipenyeza kwenye kundi la wenzake kwenda kutukana.

Dada Viputo hakuwa na haja ya kujiunga na kundi lolote kupata habari za vita. Vita vyenyewe alikuwa navyo nyumbani. Mumewe, Fundi Spoku, alikuwa jemadari wa Bati Jipya. Mdogo wake yeye mwenyewe, aliyeitwa Kengele kwa kutofunga mdomo, alikuwa msemaji wa Bati Kongwe. Na wote wawili walitengeneza baiskeli katika karakana moja, uani kwake, wakitazamana siku nzima.

Kengele aliingia nyumba ile akiwa mdogo bado, wazazi wao walipofariki, kashika mkono wa dada yake siku ileile dada alipokuja kama mke. Spoku ndiye aliyemfundisha kunyoosha rimu. Kengele naye ndiye aliyemwambukiza Spoku ugonjwa wa Tai, alipompa zawadi toleo la kwanza kabisa, kitu pekee alichotoka nacho kwao. Spoku alilitia kwenye fremu ya kioo akalitundika karakana, juu ya pampu, na wateja walikatazwa kuligusa.

Mwanzoni ugomvi wao ulikuwa raha tupu.

"Shemeji, huyo Tai wako siku hizi anahutubia kuliko anavyoruka."

"Aruke aende wapi, na watu wake wako chini wanalia?"

"Basi agombee udiwani, atuachie katuni yetu!"

Wateja walicheka, wengine wakaleta baiskeli nzima ili tu wasikilize. Kisha, bila mtu kujua ni lini hasa, utani ukaondoka kimyakimya. Wakawa wanakula bila kuongea, kila mmoja na simu yake, wakitukanana kwa vidole hali wanapitishiana chumvi. Dada Viputo alikaa katikati, akisubiri simu ipi italia kwanza.

Ndipo likaja toleo la soko. Mkuu wa jiji, adui mkubwa wa Tai, anataka kuwafukuza wanaouza kando ya barabara. Wawili hao wanakutana juu ya paa. Mkuu anasema, "Sheria ni sheria. Waondoke." Tai anamjibu, "Na watoto wao watakula nini?" Hivyo ndivyo mtunzi alivyoandika, na ndivyo Dada Viputo alivyoweka mikia. Lakini mchoraji, ambaye hajawahi kuridhika na kitu maishani mwake, akaurudisha ukurasa dakika za mwisho. Alikuwa ameipindua picha: Tai kahamia alipokuwa Mkuu, na Mkuu alipokuwa Tai, viputo vikabaki palepale. "Inakaa vizuri zaidi," akasema. "Kagua mikia tu."

Alikusudia kukagua, haki ya Mungu. Lakini simu ilikuwa inatetemeka mezani, na humo mumewe alikuwa anamwita mdogo wake kibaraka mbele ya kundi zima, na mdogo wake anajibu kwa vikaragosi vya punda. Akasoma tusi moja baada ya jingine. Kiwandani wakapiga kelele kwamba mashine inasubiri. Akautuma ukurasa.

Kwa hiyo Tai wa Bati alisimama juu ya paa, mbele ya nchi nzima, akasema waondoke. Na Mkuu wa jiji, mwizi yule, ndiye aliyeuliza habari za watoto.

Alipolishika toleo lililochapwa, aliona mikia imekwenda kwa wasio wenyewe. Akaenda moja kwa moja kwa mhariri.

"Nani mwingine anajua?" mhariri akauliza.

"Mimi na wewe. Mchoraji huwa hasomi maneno."

"Basi tunatosha." Mhariri alikuwa anatabasamu. Toleo lilikuwa limekwisha madukani. Bati Kongwe walinunua mawilimawili kwa shangwe, Bati Jipya walinunua ili wapigwe picha wakilichana, na kiwanda kilikuwa kinachapa tena. "Mtunzi mwenyewe hajalalamika. Ukifungua mdomo, mama, mikia utakwenda kuchora kwingine."

Mtunzi alilalamika wapi! Alikuwa redioni, akieleza kwa sauti nzito kwamba alikusudia kumtikisa msomaji. Dada Viputo alikuwa anaosha vyombo akisikiliza, na alicheka peke yake mpaka kicheko kikageuka kuwa kitu kingine.

Mchana ule, kupitia dirisha la jikoni, alimsikia Kengele akiingia karakana akipunga toleo hewani.

"Shemeji! Umeona? Hata Tai mwenyewe kachoka nao! Wanaoziba barabara waondoke!"

Sasa, mama yake Spoku aliuza mitumba kando ya barabara mpaka siku alipofariki, na Kengele alilijua hilo. Alikuwa amesahau tu, kwa utamu wa kushinda. Spoku alipanda juu ya pipa tupu la mafuta, akaitungua fremu, akalitoa toleo la kwanza, akalichana vipande viwili mbele ya wateja.

"Dada yako alikuja kwangu na mabegi mawili na mzigo mmoja," akasema. "Mzigo ni wewe."

Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, Kengele alinyamaza. Jioni akasema amepata karakana nyingine, mtaa wa mbali, na Jumamosi anahama.

Siku zilizofuata Dada Viputo hakutulia. Alikaa akainuka, akafagia palipofagiliwa, akaosha sahani safi. Kila alipofungua mdomo aliiona meza yake ofisini ikiwa na mtu mwingine, akaufunga. Alijichukia kwa hilo, akaendelea kuufunga.

Jumamosi asubuhi Kengele alikuwa uani, sanduku la vifaa mkononi. Spoku alikuwa amempa mgongo, anakaza nati iliyokwisha kukazwa. Dada Viputo akatoka na toleo la soko na kalamu.

"Njooni hapa, wote wawili."

"Dada, usinizuie."

"Sikuzuii. Njoo uone kazi yangu."

Akaliweka juu ya kiti cha baiskeli. Akaikata mikia miwili kwa mstari, akachora mingine, kila mmoja kwa mwenyewe. Kisha akawaeleza yote: picha iliyopinduliwa, mhariri, na yeye alivyonyamaza kwa kuogopa kufukuzwa.

"Unasema hivyo ili utupatanishe," Spoku akasema.

"Na mtunzi kasema redioni alikusudia!" Kengele akadakia. Lo, walikuwa wamekubaliana.

"Mtunzi muongo! Mikia nachora mimi. Na sikuikagua kwa sababu nilikuwa nasoma matusi yenu nyie, nyie wawili!"

Hapo wakamwamini. Spoku akaketi juu ya pipa. Kengele aliuinamia ukurasa.

"Na kazi yako?" Spoku akauliza.

"Jumatatu nitajua."

Kengele akainua uso. "Haya, dada. Ya Tai umeyarekebisha. Na yale maneno ya mzigo? Mkia wake unaelekea wapi?"

Dada Viputo aliitazama kalamu mkononi mwake. Juu ya pampu kulikuwa na msumari mtupu.

"Kwangu," Spoku akasema. Hakuinua kichwa. "Ule unaelekea kwangu. Hakuna aliyeukosea."

Kengele alikuwa bado ameshika sanduku. Hakulitua, lakini hakuondoka.