Kidole Gumba cha Ukoo

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na ukimsikia anavyojisifu utadhani watu walianza kuvaa nguo siku aliyofungua duka. Kidole gumba chake cha kulia ni kirefu, kina pingili tatu mahali ambapo mimi na wewe tuna mbili. Alikirithi kwa bibi yangu, naye alikuwa fundi. Basi kwao mtoto akizaliwa, kabla hata hajapewa jina, hukaguliwa gumba. Likiwa refu, mkasi wa ukoo utakuwa wake. Likiwa la kawaida, pole yake. Mimi ninalo la kawaida, ndiyo maana dukani nashona vifungo tu.

Mjomba ana watoto watatu. Wa kwanza, mwanamume mwenye kifua kama mlango, ana gumba refu na ndiye mrithi. Wa pili, binti, alizaliwa na gumba la kawaida, akaambiwa mapema asiguse cherehani, akaenda zake kuchomelea vyuma. Wa mwisho tunamwita Kifungo kwa udogo wake. Gumba lake lilikuwa refu kuliko yote, tukashangilia weee. Lakini damu haikumkaa mwilini. Viganja vyake vilipauka, na akipanda ngazi mbili tatu anahema. Dawa zilimsaidia kwa muda kisha zikagoma, akabaki kuongezewa damu kila mara. Mwishowe tukaambiwa apandikizwe uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa ndugu yake, kwa sababu huko kuongezewa damu nako kulikuwa kumeanza kumdhuru ini.

Mjomba hakuuliza mtu. Alitangaza kwamba atakayetoa ni mrithi, nguvu anazo. Binti wa vyuma alipojitolea kupimwa, baba yake akasema wenye damu ya ukoo wanajulikana kwa gumba. Alisema mbele yake, tukiwa mezani. Nilitamani kumrushia bakuli.

Hospitalini daktari, mama mmoja mpole, alimpa Mjomba mkono, halafu hakuuachia. Akaligeuza lile gumba, akauliza nani mwingine analo. Mjomba akavimba kichwa, akaanza hadithi ya bibi na mkasi. Daktari hakucheka. Akaagiza familia nzima ipimwe, na binti wa vyuma pia.

Majibu yalipotoka alituweka chini. Alisema ndani ya kila seli kuna vimashine vidogo mno, ribosomu, vinavyotengeneza protini za mwili. Vimashine hivyo navyo vimeundwa kwa vipande vingi vya protini. Katika ukoo wetu, maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja yana kasoro, kwa hiyo kipande hupungua na vimashine havitoshi. Sehemu nyingi za mwili huvumilia. Seli changa za damu nyekundu haziwezi, maana hukua mbio mbio, na nyingi hufa kabla ya kukomaa.

“Yaani cherehani za mwanangu ni chache, na kazi ni nyingi,” Mjomba alisema.

“Ndivyo, mzee. Na kasoro hiyo hiyo ndiyo iliyorefusha magumba yenu. Wewe na kijana wako mnayo, ila ninyi haikuwaumiza. Tungechukua uboho wake, tungempa mtoto ugonjwa ule ule.”

Aliyekuwa hana kasoro, na uboho wake ukalingana na wa Kifungo, ni binti wa vyuma.

Mjomba alimfuata karakanani kwake nami nikiwa nyuma. Alisubiri avue ile kinga ya uso.

“Mwanangu, nimekuja kuomba.”

“Baba, mimi nilishakubali tangu siku ile mezani,” alijibu. “Wewe ndiye hukusikia.”

Nililia, sioni haya kusema.

Kifungo sasa anapanda ngazi akiimba, na viganja vyake vina rangi. Juzi mke wa mrithi alijifungua. Mjomba alimkagua mtoto, akakuta gumba la kawaida, akafurahi mpaka wauguzi wakamtuliza. Hata hivyo, kwa kuwa daktari alishamwonya kuwa gumba la kawaida peke yake si uthibitisho, alisimama mlangoni roho juu hadi vipimo vya damu viliposema mtoto hana kasoro. Ndipo akatoa mkasi wa ukoo mfukoni, akampa binti wa vyuma akate nguo ya kwanza ya mtoto. Binti akasema yeye hukata chuma, kitambaa kitapinda.

“Kipinde,” Mjomba akasema. “Nitamvalisha hivyo hivyo.”