Kandambili Yangu Imerudi na Mvua

Nyie, mmewahi kutupa kitu, mkaona kwa macho yenu kinapakiwa kwenda dampo, halafu kikawarudia?

Mimi kimenirudia. Kandambili ya bluu, mguu wa kushoto, kamba nimeifunga kwa waya mwekundu wa chaja.

Naitwa Diana, nauza dagaa soko la Mwanga. Jumamosi najitolea na wenzangu ufukwe wa Kibirizi. Tunaokota taka, halafu tunapanda majani kwenye maji mafupi, yale ambayo samaki hutagia mayai humo. Samaki wakikosa pa kutagia, mimi nitauza nini?

Majani yalishakufa mara mbili. Taka zinayafunika, yanaoza. Safari hii tuliambizana wazi: yakifa tena, kikundi kinavunjwa, kila mtu ashike hamsini zake.

Sasa kandambili ilinikatikia hapohapo kwenye usafi. Nikaitupia kwenye kiroba cha taka, nikarudi nyumbani peku.

Kiroba kikapakiwa kwenye guta la Bonifasi. Huyu ni mwenzetu, anatubebea taka hadi dampo bure, kwa mafuta yake mwenyewe. Tulimsifia sana, mimi nikiwa wa kwanza.

Ikaja mvua kubwa. Ilipokatika nikashuka ziwani kuangalia majani.

Hayaonekani. Juu yake pampasi, chupa, mifuko. Katikati, kandambili yangu na waya wake mwekundu.

Sikulia. Nilitukana, mpaka mzee aliyekuwa ananawa miguu pembeni akahama.

Nikaiokota, nikafuata korongo lililomwaga ule uchafu. Nilipanda nalo mpaka Gungu, hasira zinapanda na mimi.

Huko juu nikakuta ukuta wa viroba. Viroba vyetu. Vimepangwa vizuri, ila vya chini vimepasuka na maji yamebeba vilivyokuwamo. Juu yake nyumba ndogo, kona moja ya msingi inaning'inia. Mlangoni, guta la Bonifasi.

Akatoka mama mtu mzima na jembe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwakeye, mwana," akanisalimia tena kwa kilugha. Akaitazama fulana yangu ya kikundi. "Wewe ni wa kule ziwani?"

"Ndiyo."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mimi ndiye Veneranda, mama yake Boni. Mungu awabariki. Kaniambia viroba hivi mnanipa ninyi. Bila ninyi chumba changu kingeshaondoka na korongo."

Matusi yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yakatoka yakiwa "Amina, mama."

Bonifasi akatoka. Alipoiona kandambili akainamisha kichwa.

"Ulisema unapeleka dampo," nikamwambia.

"Ni mama yangu, Diana. Nimelalamika kila ofisi. Wanakuja, wanapima, wanaondoka. Ungekuwa wewe?"

"Ningesema. Watu wote wale, Boni, tungekuja."

"Mngekuja? Ninyi mnapenda ziwa. Nani amewahi kupanda huku?"

Nikavitazama vile viroba. Nikitoa viroba, nyumba inaanguka. Nikiviacha, mvua ijayo inaua majani.

Nikaandika kwenye grupu palepale: Jumamosi hatuendi Kibirizi, tukutane korongoni Gungu, kila mtu aje na kiroba cha mchanga au jiwe. Tulizibe vizuri bila taka, mama apone na majani yapone.

Madole gumba yakamiminika. Mmoja akauliza kama mpiga picha atakuwepo.

Jumamosi tulikuwa wanne, mama mwenyewe akiwa mmojawapo. Wengine walikuwa Kibirizi, wanaokota zile taka zilizotoka hapa, wanapiga picha na ziwa nyuma yao. Picha zikaingia grupu wakati mimi nimebeba jiwe kichwani.

Nilichoka, jamani. Nilichoka roho kuliko mgongo.

Ila nimejifunza. Uchafu ukirudi palepale, usikimbilie kuuokota tena. Panda nao mpaka ulikotoka, utakuta kuna mtu ana shida ambayo hakuna aliyemuuliza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibwe kwa pampasi.

Kandambili nimeishona, ndiyo naivaa kupandia Gungu. Korongo bado liko wazi upande mmoja na mawingu yameshaanza kujikusanya. Ukitaka kulisaidia ziwa, njoo huku juu. Njoo na jiwe.