Lugha ya Majitu ya Mikorosho

Leo sokoni nimenusa mabibo, nikarudi utotoni, shambani kwa bibi, chini ya mkorosho, nimekaa na dada yangu, ndimi zetu zimekauka kwa ukakasi. Tulikuwa tumebuni majitu ya mle shambani pamoja na lugha yao, ambayo huwezi kuisema mpaka utafune bibo kwanza.

“Nyie, njooni mkaoge!” bibi akaita.

Tukamjibu kwa lugha ya majitu, tukijua hapo amekwama. Bibi akakaza khanga yake, akaokota bibo, akalitafuna taratibu, kisha akanguruma: “Ng'warambwe! Zugundoo!”

Hatukuhitaji mkalimani. Tulitimua mbio hadi bafuni.

Siku hizi naandika hadithi za majitu. Nikitaka jitu litishe kweli, nalivika khanga na kulitafunisha bibo.