Matawi kwenye Barabara ya Mpakani

Asubuhi moja kaka yangu Otmari alikuwa kwenye mto Ruhila anaosha lori la tajiri wake, na mimi nimekaa kwenye jiwe napukuchua mahindi huku namcheka. Alilisugua lori lile kuliko alivyojisugua mwenyewe. "Cheka tu," akasema. "Ukiolewa na mwenye baiskeli utanikumbuka."

Lami haikuwepo miaka ile. Barabara kuu zote zinazokutana hapa Songea, ya Njombe, ya Mbinga, ya Tunduru, zilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Ya kusini, inayoshuka milima hadi mpakani na Msumbiji, ndiyo tuliyoiogopa. Ng'ambo ya mto Ruvuma Wareno walikuwa wanapigana na wapigania uhuru, na vita havikukaa huko vilikoanzia. Ndege zilivuka zikaja kwetu. Watu tusiowaona walifukia mabomu barabarani upande wetu, wakiyavizia malori.

Mama yetu alikuwa peke yake kijijini, karibu na Ruvuma. Tulimtumia salamu ahame, akajibu kwamba mihogo yake haina miguu. Mbishi yule, mimi nimerithi nusu tu. Siku kijiji cha jirani kilipopigwa na ndege, Otmari alimwomba tajiri lori.

"Kesho tunamchukua Mama," akaniambia. "Akikataa nitambeba kama gunia."

Nikaenda naye, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kumbembeleza.

Sasa elewa jambo moja la madereva wa milima hii. Gari likiharibika, dereva anakata matawi mabichi anayatandaza barabarani, nyuma na mbele ya gari. Anayekuja akiyaona anajua kuna mwenzake amekwama kwenye kona. Anapunguza mwendo, anahamia upande wa pili, anapita. Hata leo wanafanya hivyo, na hakuna anayesimama kuuliza.

Tulikuwa tunashuka kilima cha mwisho. Mimi nilikaa kushoto, nimepakata mkate wa kumpelekea Mama. Mbele yetu, kabla ya kona, kulikuwa na matawi mabichi upande wetu wa barabara.

"Kuna mtu amekwama," Otmari akasema.

Akapunguza mwendo. Akahamia kulia.

Mlio sikuusikia. Niliona mbingu, halafu udongo.

Nilipoinuka lori lilikuwa limelala ubavu, na upande wa dereva haukuwepo tena. Nilimwita kaka yangu. Nilichokiona hapo sijawahi kumweleza mtu, na wewe pia sikuelezi.

Mtu akatokea kwenye kona anakimbia, panga mkononi. "Msisogee! Msikanyage kitu!" Alikuwa Mama. Aliponitambua akasimama.

"Nani alikuwa anaendesha?" akaniuliza.

Nikaligeukia lori. Alishajua.

Yeye ndiye aliyeyakata matawi yale. Alfajiri, akienda shambani, aliona udongo umefukuliwa upande mmoja wa barabara. Akatuma jirani kwa askari, akatandaza matawi juu ya udongo ule ili watokao Songea wasimame, kisha akaenda kukaa nyuma ya kona kuwazuia watokao mtoni. Upande wa pili hakuona kitu, maana bomu la huko lilifukiwa na mtu aliyeijua kazi yake. Mama hakuwahi kupanda gari zaidi ya basi la kwenda misheni. Kwake tawi barabarani lilikuwa na maana moja tu, usipite.

Tulimzika Otmari kijijini. Mama akaja Songea bila kubembelezwa, akaishi kwangu mpaka mwisho wa uzee wake. Nilifurahi kuwa naye, na nilimwonea uchungu kila siku.

Swali lake lilikuwa lile lile, akichambua mboga au akitoka kanisani: "Mwanangu, kwa nini hakuyaona matawi?"

Nami nilimjibu, "Alikuwa anakimbiza gari, Mama. Hakuyaona."

Basi akasikitika, akamlaumu marehemu kwa mwendo wake, akaendelea na shughuli zake. Alikufa akiamini hivyo. Kaka yangu alikuwa dereva mwangalifu kuliko wote waliopita barabara ile, na kwenye ukoo wetu anakumbukwa kama kijana aliyejiua kwa mwendo kasi. Wajukuu wakipewa leseni, hutajiwa jina lake kuwaonya. Nakaa kimya, na inaniuma.